Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo: Padre Aliyefungua Mlango wa Tatu



Wapendwa waamini, kila mwaka tarehe 30 Aprili Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo. Wengi wetu tunalifahamu jina hilo la Cottolengo kama jina la hospitali au la nyumba ya kuwatunza watu wenye ulemavu, pasipo kumfahamu mtu mwenyewe. Hata huko Italia alikozaliwa jina lake limegeuka kuwa neno la kawaida, likimaanisha mahali wanapopokelewa wale ambao hakuna mahali pengine pa kuwapokea. Hakuwa mtawa wala mmisionari wa nchi za mbali. Alikuwa padre wa mjini, aliyeishi hatua chache tu kutoka altare yake, na aliyeanzisha kazi ambayo tangu mwaka 1828 imeishi kwa kutegemea Maongozi ya Mungu na sadaka za watu. Tuyatazame maisha yake, na zaidi ya yote siku moja katika maisha hayo, kwa maana kila alichokitenda baadaye kilichipuka kutoka siku ile.

Malezi na upadre

Yosefu Benedikto alizaliwa tarehe 3 Mei 1786 katika mji mdogo wa Bra, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 12, na sita kati yao walifariki wangali wadogo. Hivyo tangu utoto wake alikijua kitanda cha mgonjwa, akakijua na kilio cha mama aliyefiwa. Inasimuliwa kwamba siku moja alionekana akipima chumba cha nyumbani kwao kwa fimbo, na mama yake alipomwuliza sababu, akamjibu kuwa alitaka kujua vitanda vingapi vya wagonjwa vingeenea humo. Masimulizi ya namna hii huandamana na maisha ya watakatifu wengi, nasi hatulazimiki kuyajengea hoja. Itoshe kusema kwamba waliomfahamu walimwona kuwa mtu aliyeguswa mapema na shida za wenzake.

Ujana wake uliangukia katika miaka ya Napoleon. Piemonte ilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa, seminari zilifungwa, na sehemu ya masomo yake ya upadre ilibidi aifanye nyumbani kwa siri. Alipewa daraja takatifu ya upadre tarehe 8 Juni 1811, akiwa na umri wa miaka 25. Na ndugu zake wawili walifuata nyayo zake katika wito huo. Akatumwa kuwa msaidizi wa paroko huko Corneliano d'Alba, kisha akaenda Torino kuendelea na masomo, na mwaka 1816 akapata shahada ya udaktari katika Taalimungu. Mwaka 1818 aliingizwa katika jumuiya ya makanoni wa kanisa la Corpus Domini, yaani mapadre wasomi waliokabidhiwa ibada, mahubiri na maungamo katika kanisa hilo la katikati ya mji, lililojengwa kwa heshima ya muujiza wa Ekaristi uliotokea Torino mwaka 1453.

Hapo tunakutana na padre ambaye wengi wetu tulio katika daraja hilo tunaweza kujiona ndani yake. Alikuwa padre mwema. Waamini walimtafuta katika kitubio, alihubiri vizuri, aliongoza mafungo ya wanafunzi wa chuo kikuu, na maskini waliojua saa zake walimngoja mlangoni kwa kuwa hakuwa mchoyo. Alikuwa na makazi, heshima na kipato cha kutosha. Hata hivyo, alipokaribia na kuvuka umri wa miaka 40, moyo wake ulijaa huzuni asiyoweza kuieleza. Alihisi kwamba Mungu alimwita kwa jambo fulani asilolijua. Katika kipindi hicho alipewa kitabu cha maisha ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akakisoma na kukirudia. Kitabu kile kiliulima moyo wake, lakini mbegu ilikuwa bado haijapandwa.

Jumapili ya tarehe 2 Septemba 1827

Familia moja ilikuwa safarini kutoka Milano kwenda Lyon, Ufaransa. Mama wa familia hiyo, Mfaransa aitwaye Jeanne-Marie Gonnet, alikuwa mjamzito, na njiani alishikwa na homa kali. Walipofika Torino, mumewe alimpeleka hospitali kubwa ya mji. Hospitali ikamkataa kwa sababu alikuwa mjamzito, na wajawazito hawakupokelewa pale. Akampeleka kwenye nyumba ya kujifungulia. Huko nako wakamkataa kwa sababu alikuwa mgonjwa, na wagonjwa wa homa hawakuruhusiwa kukaa karibu na wazazi na watoto wachanga.

Ndugu zangu, tutue hapa kidogo. Hatuambiwi kwamba milango ile ililindwa na watu wakatili. Kila mlango ulikuwa na kanuni yake, na kila kanuni ilikuwa na sababu inayoeleweka. Ni wajibu wa hospitali kuwalinda wagonjwa waliomo, na ni haki kumkinga mtoto mchanga na homa ya kuambukiza. Hakuna aliyeamka siku ile akiwa amekusudia kumwua mama wa watu. Lakini kati ya kanuni moja njema na kanuni nyingine njema palikuwa na pengo, na ndani ya pengo hilo mama yule alianguka. Waliishia katika malazi ya umma, mahali walipolala watu wasio na makazi, naye akalazwa hapo akiwa katika hali ya kufa.

Padre Cottolengo aliitwa kumpa Sakramenti. Alimwungamisha, akampaka Mafuta Matakatifu, akakaa naye mpaka roho ilipomtoka, huku watoto wake wakimlilia mama yao. Kisha alirudi Corpus Domini, akapiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu na kumwuliza Mungu kwa uchungu kwa nini alimfanya kuwa shahidi wa kifo kile, na alitaka afanye nini. Alipoinuka aliagiza kengele zipigwe na mishumaa iwashwe katika altare ya Bikira Maria, Mama wa Neema. Watu waliosikia kengele wakaingia kanisani wakishangaa, naye akawaongoza katika Litania ya Bikira Maria. Sala ilipokwisha, uso wake ulikuwa umebadilika. Akawatangazia kwamba neema imepatikana, akamshukuru Mama wa Mungu. Hawakumwelewa. Alikuwa na umri wa miaka 41, na wito aliokuwa akiutafuta kwa miaka mingi ulikuwa umemfikia kupitia kwa mgeni mmoja asiye na pa kulala.

Kutoka vitanda vinne hadi Valdocco

Torino haikukosa matendo ya huruma. Ilikuwa na hospitali, vyama vya kitume na mifuko ya misaada. Kilichokosekana ni mlango wa mtu asiyeingia katika orodha yoyote. Huo ndio mlango aliouanzisha Cottolengo. Tarehe 17 Januari 1828, katika vyumba vya kupanga kwenye nyumba iliyoitwa Volta Rossa, karibu kabisa na kanisa lake, aliweka vitanda vinne kwa ajili ya wagonjwa waliokataliwa kwingine. Daktari Lorenzo Granetti alikubali kuwatibu, na mjane mmoja, Marianna Nasi, akawa mkono wake wa kuume, akiwaongoza wasichana waliojitolea kuwahudumia wagonjwa. Kutoka katika kundi hilo la wasichana lilizaliwa shirika la masista wake.

Vitanda viliongezeka, na manung'uniko pia. Majirani hawakupenda kuishi karibu na wagonjwa, na wapo waliomwona kanoni huyu kama mtu aliyepoteza busara yake. Mwaka 1831, hofu ya kipindupindu ilipotanda, serikali iliamuru nyumba ile ifungwe, maana ilikuwa katikati ya mji. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho wa habari. Cottolengo, ambaye watu wa kwao Bra walisifika kwa kilimo cha kabichi, aliwakumbusha wenzake kwa utani kwamba kabichi haistawi mpaka ihamishwe kutoka kitaluni na kupandwa upya.

Tarehe 27 Aprili 1832 alihamia Valdocco, pembezoni mwa mji, mahali pasipokuwa na sifa njema. Msafara wake ulikuwa gari la kukokotwa na punda, mgonjwa mmoja aliyeoza mguu, na masista wawili. Mahali hapo alipaita Kijumba cha Maongozi ya Mungu, na juu ya mlango akaweka yale maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho kuhusu upendo wa Kristo unaotusukuma tusikae kimya. Jina la Kijumba lilibaki hata pale nyumba zilipoongezeka na kuwa kama mji ndani ya mji, kwa kuwa alitaka kila aingiaye akumbuke kuwa nyumba ni ndogo, na mkubwa ni Mungu mwenyewe.

Wakaja wagonjwa wasiotibika, yatima, wazee, viziwi, watu wenye kifafa na watu wenye ulemavu wa akili. Cottolengo hakuwaita kwa majina ya magonjwa yao, wala hakuyaita makundi yao wodi. Aliyaita familia. Wale wenye ulemavu wa akili, ambao wakati ule wengi walifichwa au kuchekwa, aliwaita Watoto Wema, naye alicheza nao na kufurahi kuwa pamoja nao. Aliwafundisha masista na mabradha wake kwamba katika nyumba ile maskini ndio mabwana na wahudumu ni watumishi, kwa maana anayehudumiwa ni Kristo mwenyewe. Tarehe 27 Agosti 1833 Mfalme Carlo Alberto aliitambua rasmi kazi hiyo kwa amri ya kifalme. Kazi iliyofungwa na serikali miaka miwili tu iliyotangulia sasa ilipewa ulinzi wa serikali ileile.

Nyumba iliyoishi kwa sadaka

Kilichowashangaza watu zaidi ni namna nyumba ile ilivyopata mkate wake. Cottolengo hakuwa na mtaji uliowekezwa wala ruzuku ya kudumu. Alikataa kuijengea nyumba yake msingi wa mapato ya uhakika. Kilichotolewa leo kilitumika leo kwa wahitaji wa leo. Walitoa matajiri na walitoa maskini, na kila sadaka ilipokelewa kana kwamba imetoka mkono mmoja, mkono wa Baba wa mbinguni. Shukrani aliyoizoesha nyumba nzima, katika neema na katika shida, ilikuwa ni kumshukuru Mungu. Salamu ya Kilatini yenye maana hiyo, Deo gratias, ikawa salamu ya kila siku katika nyumba ile.

Yasidhaniwe kuwa yalikuwa maisha mepesi. Wauzaji waliomkopesha unga na dawa walimjia wakidai fedha zao, na zipo siku alizopiga magoti akiwa hana kitu mkononi wala dalili ya msaada. Inasimuliwa kwamba mahitaji yalipopungua hakuagiza wagonjwa wapunguzwe, bali aliuliza kama kuna kitanda kitupu, akaamuru kijazwe. Kwake, kitanda kitupu kilikuwa alama ya kwamba nyumba imeanza kujitegemea na kuacha kumtegemea Mungu.

Alisisitiza kwamba kazi ya kwanza katika Kijumba ni sala. Aliweka utaratibu wa sala isiyokatika, makundi yakipokezana mbele ya Ekaristi Takatifu, na katika miaka yake ya mwisho alianzisha pia jumuiya za masista wa ndani, ambao utume wao wote ni kusali. Aliyekuwa kitandani asiyeweza kushika hata kijiko aliambiwa kwamba yeye ni mfanyakazi muhimu wa nyumba, kwa kuwa anaweza kusali. Hivyo yule aliyekataliwa kila mahali kwa kuwa hana faida alikuja kuwa nguzo ya kuwategemeza wengine.

Tusimwelewe vibaya

Ndugu wapendwa, mfano huu unaweza kutumiwa vibaya, na ni afadhali nilisema wazi. Wapo wanaotaja Maongozi ya Mungu ili wasitoe hesabu ya fedha za waamini. Kanisa limeweka sheria bayana: kanuni ya 1284 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wa mali kuweka vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na kanuni ya 1287 inadai waamini watolewe hesabu ya kile walichokitoa. Aliyejaliwa karama ya pekee kama Cottolengo hakuiacha kama kisingizio kwa wazembe. Tena tukumbuke jambo moja: hakuna aliyeweza kumshuku kuwa anajitajirisha, kwa maana alikula na kuvaa kama mtu asiye na kitu, na kila mwenye macho aliona sadaka yake imekwenda wapi. Ilikuwa imelala katika vitanda.

Wala kumtegemea Mungu kwake hakukuwa kukaa bila kufanya kazi. Alitafuta daktari, alipanga nyumba, alijenga, aliwaunda watawa wa kike na wa kiume pamoja na mapadre, alilala kidogo. Alichokataa ni kimoja tu: kumpima mhitaji kwa kipimo cha fedha iliyopo kabla ya kumtazama usoni.

Kifo chake na mavuno

Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na padre kijana aliyepewa upadre mwaka 1841. Inasimuliwa kwamba Cottolengo alishika kanzu ya kijana huyo akamwambia ni nyepesi mno, atafute ya kitambaa kigumu, kwa sababu watoto wengi watakuja kuing'ang'ania. Kijana huyo alikuwa Yohane Bosco, aliyekuja kuwa baba wa vijana wa dunia nzima, na kazi yake nayo ikapata makao huko huko Valdocco.

Mfalme aliwahi kumwuliza kazi itakuwaje yeye akishakufa. Inasemekana Cottolengo alimwonyesha dirishani askari wa zamu wakibadilishana: mmoja anamnong'oneza mwenzake neno, anaondoka, na ulinzi unaendelea. Ndivyo ilivyokuwa. Akiwa ameambukizwa homa kali, alimwachia kazi Kanoni Luigi Anglesio, akaenda Chieri kwa ndugu yake padre, na huko akafariki tarehe 30 Aprili 1842, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 56. Kijumba kilichoanza na mgonjwa mmoja juu ya gari la punda kilikuwa na wakazi zaidi ya elfu moja. Papa Benedikto XV alimtangaza Mwenye heri mwaka 1917, na Papa Pius XI akamtangaza Mtakatifu tarehe 19 Machi 1934.

Mbegu hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Wamisionari wa Consolata, waliotumwa na Mtakatifu Yosefu Allamano kutoka Torino hiyo hiyo, walipohitaji masista nchini Kenya, waliopatikana kwanza walikuwa masista wa Cottolengo, walioanza kufika mwaka 1903. Mmoja wao, Sista Maria Carola Cecchin, alifika mwaka 1905, akatumikia miaka 20 kati ya Wakikuyu na Wameru, akafariki mwaka 1925 melini katika Bahari ya Shamu akiwa safarini kurudi Italia, na mwili wake ukazikwa baharini. Tarehe 5 Novemba 2022 alitangazwa Mwenye heri mjini Meru, mbele ya watu aliowapenda. Leo wana wa Cottolengo wanahudumu huko Meru, katika vituo kama Chaaria na Tuuru, wakiwapokea wagonjwa na watoto wenye ulemavu.

Mlango wetu

Naomba nimalizie na ungamo. Katika parokia moja niliyowahi kuhudumu, alikuja mama mmoja akiomba nauli ya kumpeleka mtoto wake hospitali. Tulikuwa na utaratibu mzuri, uliowekwa ili misaada isiliwe na wajanja. Nikamwelekeza alete barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake, kisha aipeleke kwa katibu wa Karitasi. Alipoipata barua, ofisi ilikuwa imeshafungwa, nami ndiye niliyekuwa na ufunguo. Hakurudi tena, na mpaka leo sijui habari za mtoto yule. Kila ninaposoma habari za Jeanne-Marie Gonnet, namwona mama huyo akishuka ngazi za ofisi yangu, na barua mkononi.

Utaratibu ni wa lazima, nami sijaufuta. Lakini tangu wakati ule nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kumwelekeza mtu kwingine: akitoka hapa, atakwenda kwa nani? Iwapo jibu ni kwamba hakuna, basi mlango wa tatu ni mimi. Ni wewe mwenyekiti wa jumuiya. Ni wewe muuguzi wa zamu. Ni wewe jirani. Na sadaka tunayoitoa Jumapili, hata ikiwa ndogo namna gani, ndiyo mafuta ya bawaba za mlango huo.

Tumwombe Mungu, kwa maombezi ya mtakatifu huyu, atujalie kuutambua wito wetu pale anapotupitishia mtu asiyeingia katika orodha zetu.

Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, utuombee.